Mnataka kwenda Kenya kujitolea kwenye makao ya watoto? Pangeni hivi

Kila likizo ndefu ikikaribia zinaanza meseji, oya tuko kama kumi na kitu hapa chuo tunataka kuvuka Kenya kujitolea kwenye vituo vya yatima, tuanzie wapi, tunahitaji nini, na mara nyingi swali la pili ni wapi wanaprinti tisheti kwa bei poa. Basi naandika yote hapa, mwenye kusoma asome. Naongelea wanafunzi wa Tanzania wanaotoka Dar au Arusha kwenda Nairobi na viunga vyake kwa basi, kupitia Namanga, kwa sababu hiyo ndo njia ninayoijua. Wa Kampala mpaka utawabadilikia ila mengine mengi ni yaleyale.

1. Kabla ya tisheti, amueni mnaenda kufanya nini

"Kwenda kuwaona yatima" sio kazi. Tumezoea huku kwetu, Ramadhani inafika au Krismasi, mnachanga, mnapika pilau, mnapeleka na sabuni na juisi, mnapiga picha, mnaondoka roho nyeupe. Sina ubaya na sadaka ya mtu. Ila ukivuka mpaka na watu kumi na tano kwa mtindo huohuo unakuwa unafanya kitu kingine kabisa, unakuwa mtalii na kivutio chako ni mtoto wa mtu.

Na mtoto wa mtu namaanisha hivyohivyo. Watoto wengi wanaoishi kwenye hivi vituo, karibu kila nchi ilikochunguzwa, wana mzazi angalau mmoja aliye hai au wana bibi, mjomba, shangazi. Wanafika pale kwa sababu ya umaskini, ugonjwa, ugomvi wa nyumbani, au kwa sababu kituo kina shule na chakula na nyumbani hakuna. Cambodia ndo mfano unaotajwa sana, kati ya 2005 na 2010 vituo viliongezeka kutoka 154 mpaka 269 wakati yatima wenyewe hawakuwa wanaongezeka, kilichokuwa kinaongezeka ni wageni wenye hela na huruma. Yaani soko likikua na bidhaa inatafutwa. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la haki za mtoto ambalo ndani yake limezitaka nchi zizuie madhara ya utalii wa vituo vya yatima na kujitolea kwa namna hiyo.

Majirani zetu hawajalala. Rwanda walianza mpango wao wa kurudisha watoto kwenye familia mwaka 2013 (Tubarerere Mu Muryango) na sehemu kubwa ya vituo vyao vimeshafungwa, kwa hiyo ukimwambia Mnyarwanda unakuja Kigali kutembelea vituo vya yatima atakushangaa. Kenya walisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, wakaja na Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa miaka kumi, 2022 mpaka 2032, wa kuhamisha malezi kutoka kwenye makao kwenda kwenye familia na jamii. Mnaingia kwenye nchi ambayo serikali yake inajaribu kupunguza hicho mnachoenda kukitembelea. Lijueni hilo kabla hamjaandika barua ya kuomba ufadhili, maana mkiandika "tunataka kusaidia kuongeza uwezo wa kupokea watoto zaidi" afisa wa kule akisoma ataweka pembeni.

Sasa hii haimaanishi msiende. Wale watoto wapo leo, wanakula leo, bomba limekatika leo. Ila kazi yenu iwe kwa kituo, kwa walezi, au kwa mpango wa kurudisha watoto kwao, sio kucheza na watoto siku tatu halafu kutoweka. Mkikubaliana hapo hatua zinazofuata zinakuwa rahisi, msipokubaliana mtagombana mkiwa Nairobi na hapo kila mtu kachoka.

2. Tafuteni wenyeji kwanza, kituo baadaye

Watu wanafanya kinyume, wanagugo kituo chenye picha nzuri wanatuma email. Anzeni na wanafunzi wenzenu wa kule. Vyuo vya Nairobi vina klabu za kujitolea, za dini, za Rotaract, za ustawi wa jamii, na nyingi zina kituo au mtaa ambao wanaenda mara kwa mara mwaka mzima. Hao ndo watu wa kuunganika nao. Wanajua mlezi yupi mkweli, wanajua matatu ya kwenda huko, na muhimu kuliko yote wao watabaki, nyie mkipanda basi lenu kurudi Dar wao Jumamosi ijayo wanaweza kwenda kuangalia kama lile tangi linavuja.

Na kusema ukweli hata kama safari yenyewe ikaishia mnakaa na hao wanafunzi mnajadili namna wao wanavyofanya na nyie mnavyofanya, mmepata zaidi kuliko kukumbatiana na watoto msiowajua majina.

3. Kukikagua kituo

Hapa msiwe wavivu. Mpeni mtu mmoja au wawili kazi hii tu, wasijihusishe na mambo ya nauli wala nini.

Kila makao Kenya yako chini ya jicho la afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ambaye yuko chini ya idara ya serikali ya huduma za watoto. Kazi ya kwanza ni kumpata huyo, kwa barua yenye muhuri wa chuo, na nakala kwa kituo. Mtaje mko wangapi, kozi zenu, tarehe, mnataka kufanya nini. Mtu wa kituo akikwambia "ah hao maafisa achaneni nao watawachelewesha, njooni tu", usibishane naye, mshukuru na utafute kituo kingine.

Ulizeni cheti cha usajili na mwaka wake. Kwa vile usajili ulisimama 2017, kituo kinachosema kimefunguliwa juzijuzi na kina kila kitu kamili kinahitaji maelezo, na maelezo hayo yatoke kwa afisa, sio kwa mwenye kituo.

Halafu sikilizeni wanavyowajibu. Kituo kinachojua kazi yake kitawauliza maswali mpaka mkereke. Nyie ni nani, nani kiongozi, mna cheti cha tabia njema, mtalala wapi (jibu sahihi ni nje ya kituo), nani atakuwa na nyie muda wote. Kituo ambacho hakiulizi chochote zaidi ya "mtachangia kiasi gani kwa kila mtu" kimeshakwambia kila kitu. Mengine ya kushtukia ni haya: watoto wanazuiwa kwenda shule kwa sababu wageni wanakuja, mnaruhusiwa kuwatoa watoto nje ya geti bila karatasi yoyote, ukurasa wa kituo umejaa sura za watoto na majina na hadithi zao za kusikitisha (huyu mama yake alikufa kwa hiki, huyu aliokotwa pale), hela mnaambiwa mtume kwenye namba binafsi ya mkurugenzi, na ukiuliza ni watoto wangapi wamerudi kwa ndugu zao mwaka huu hamna anayejua.

Hilo swali la mwisho ulizeni kila mahali. Mlezi mzuri anafurahi ukimuuliza.

Nimewahi kupokelewa kwenye kituo kimoja nje kidogo ya Nairobi, watoto wamepangwa mistari kwa urefu, wanaimba wimbo wa kukaribisha wageni na mikono inapunga kwa pamoja, na mbele kabisa kuna kabinti kanapiga miayo katikati ya beti, kanafunga mdomo, kanaendelea palepale wimbo ulipofika bila kukosea neno. Wimbo kameshauimba mara ngapi huyo? Mkipanga na kituo, waambieni mapema kabisa, hatuhitaji wimbo, hatuhitaji ngoma, watoto waendelee na ratiba yao.

4. Ulizeni kinachohitajika halafu mkubali jibu

Kituo kingine, mlezi mkuu, mama mtu mzima na lundo la funguo mkononi, alitufungulia stoo yake baada ya sisi kutangaza kwa furaha kwamba tumekuja na rangi ya kupaka bweni. Stoo imejaa, makatoni ya biskuti, penseli za rangi, miswaki mamia kwa mamia, midoli bado iko kwenye nailoni yake. Kisha akatutoa nje akatuonyesha bomba kavu na foleni ya ndoo. "Hii ukuta imepakwa rangi na wageni mpaka imenona," akasema. "Mkipaka tena itaanguka. Shida yangu ni maji, watoto wangu."

Rangi ikarudishwa dukani. Hela ikaenda kwenye gata za kukinga maji ya mvua na kumlipa fundi wa palepale mtaani, sisi tukasomba kokoto za msingi wa tangi, kazi isiyo na picha nzuri hata moja.

Kwa hiyo tumeni swali mapema, na liwe la wazi, "mkipewa shilingi laki moja ya Kenya leo mngeitumia wapi?" Majibu mtakayopata mara nyingi yanaboa, deni la maji, tokeni za umeme, karo ya wanafunzi wawili wa sekondari, nauli ya afisa kwenda kijijini kuangalia kama bibi wa mtoto anaweza kumpokea, mshahara wa mlezi wa usiku. Lipieni hivyohivyo vya kuboa. Hiyo ya nauli ya kwenda kuangalia familia naipenda zaidi kuliko zote, maana safari moja ya namna hiyo inaweza kumtoa mtoto kituoni kabisa na nyie hamkuhitaji hata kumuona.

Na ujuzi wenu pangeni kwa akili. Wa uhasibu wakae na mhasibu wa kituo wamsaidie kupanga vitabu, wa TEHAMA watengeneze kompyuta zilizolala, wa uhandisi waangalie nyaya na mabomba pamoja na fundi wa kule mwenye leseni. Wa udaktari, sikilizeni, nyie bado ni wanafunzi. Kama huku kwenu hauruhusiwi kumtibu mtoto peke yako bila daktari juu yako, Namanga haikupandishi cheo. Mnaweza kukaa na walezi mkaongea usafi na huduma ya kwanza, basi.

5. Hesabu

Tuseme mko ishirini na kila mtu anatoa laki nne, hiyo ni milioni nane. Sasa andikeni kwenye karatasi nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, hati za kusafiria, tisheti, "dharura", na mwisho kabisa andikeni kinachobaki kwa ajili ya kituo. Mkikuta ni milioni moja, maana yake mmetumia milioni saba kwenda kukabidhi milioni moja ambayo mngeituma kwa simu. Sisemi ni dhambi, kusafiri na kujifunza kuna thamani yake, ila msiandike kwenye barua ya mfadhili kwamba milioni nane zimeenda kwa watoto.

Dawa ni kupunguza watu. Nane wanatosha, tena nane waliochaguliwa kwa kazi iliyoombwa, sio kwa sababu ni marafiki wa mwenyekiti. Waliobaki wachangie na wasikie ripoti. Najua hii inaleta maneno, kuna mtu atatoka kwenye grupu la WhatsApp kwa hasira saa sita usiku, mwacheni.

Michango ikae kwenye akaunti yenye watu wawili wa kusaini. Malipo ya kituo yaende kwenye akaunti ya benki au namba ya malipo yenye jina la kituo. M-Pesa ya huku inatuma mpaka Safaricom kwa hiyo hamna sababu ya kubeba mabunda. Shilingi ya Kenya inapanda na kushuka, cheki siku hiyohiyo na msipige bajeti kwa bei ya mwezi uliopita. Na wekeni hela ya matibabu pembeni, kadi yako ya bima ya NHIF ya chuo haikutibu Nairobi.

6. Makaratasi

Anzeni miezi mitatu kabla. Kwa Afrika Mashariki sio lazima pasi kubwa ya 150,000, hati ya dharura ya safari inatosha na ni 20,000, mnaombea mtandaoni kwa Uhamiaji, na NIDA mkononi. Anayesema "mi yangu itatoka tu" ndo atakayewachelewesha, mpeni tarehe ya mwisho na akipitisha nafasi yake apewe mwingine.

Kadi ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari ndo kadi inaanza kutambulika, na tangu 2016 ukichanja mara moja ni ya maisha, usikubali mtu akwambie imeexpaya. Na kama mnaenda na Coaster yenu ya kukodi, gari nalo lina kadi yake ya njano, ile bima ya COMESA, hizo ni kadi mbili tofauti na nimeona dereva akitoa ya chanjo kwa afisa wa magari akiwa serious kabisa. Mimi nashauri basi la kawaida, gari la kukodi lina makaratasi mengi.

Visa hamlipii, sisi ni wanajumuiya. Lakini kuingia kutembea na kuingia kufanya kazi ni vitu viwili, na "kujitolea" machoni pa Uhamiaji wa nchi yoyote ni kazi hata kama hulipwi. Kama ni ziara ya kubadilishana uzoefu na klabu ya chuo cha kule, barua ya mwaliko ya chuo hicho na barua ya mshauri wa wanafunzi wa kwenu zinasaidia sana. Kama mnakwenda kushinda kituoni wiki nzima mkifanya kazi, wenyeji wenu waulize Uhamiaji wa Kenya mapema kibali gani cha muda mfupi kinahitajika. Msiende kudanganya dirishani.

Cheti cha tabia njema cha polisi, kila mtu, bila kujali ni kiongozi wa dini au mtoto wa nani. Atakayelalamika kwamba mnamvunjia heshima mwambieni ni kwa ajili ya watoto, akiendelea kulalamika abaki.

7. Tarehe

Desemba msiende. Desemba vituo vimefurika wageni, pilau asubuhi pilau jioni, halafu Februari hamna anayepiga hodi. Likizo ndefu ya vyuo vyetu inaangukia Agosti mpaka Oktoba na watoto wa Kenya kipindi hicho, ukitoa mapumziko mafupi ya Agosti, wako shule. Watu wananiambia sasa tukienda si tutakuta hamna watoto? Ndiyo, ndo vizuri! Mtachimba, mtabeba, mtapanga stoo, mtakaa na walezi wakiwa na nafasi ya kuongea, jioni watoto wakirudi mnasalimiana mnaondoka wafanye homuwaki.

Watu wa Dar, Julai na Agosti Nairobi ni baridi. Sweta.

8. Njiani na Namanga

Mabasi ya Nairobi yanatoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, pitia Chalinze, Segera, Same, Moshi, Arusha, halafu kama kilomita 110 mpaka Namanga na zaidi ya 160 kutoka hapo mpaka mjini. Ni safari ya kutwa na zaidi, mkiweza lalieni Arusha mvuke mpaka asubuhi mkiwa na akili. Tangu 2018 Namanga ni kituo cha pamoja, mnagonga muhuri wa kutoka na wa kuingia kwenye jengo moja upande wa Kenya, kwa hiyo msihangaike kutafuta dirisha upande wa kwetu. Kiongozi awe na orodha ya majina na namba za hati, apite wa mwisho, sio wa kwanza. Vijana wa kubadilisha hela watawazonga, wapiteni.

Mizigo sasa. Kenya wamepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017 na adhabu yake kwenye karatasi inafika shilingi milioni nne za kwao au kifungo cha miaka minne, kwa hiyo zawadi zilizofungwa kwenye nailoni acheni nyumbani, hata nguo zako usiweke kwenye rambo ndani ya begi. Na msibebe marobota ya mitumba wala magunia ya mchele na unga. Forodha watauliza, watu wa ukaguzi wa mazao watauliza, mtashinda pale. Nunueni Nairobi. Sufuria kubwa za kupikia na masanduku ya bati ya shule yako Kamukunji, yanagongwa palepale mbele yako na ukijua kuongea bei inashuka, blanketi na nguo Eastleigh, mboga na viazi vya jumla Marikiti. Nendeni na mwanafunzi mwenyeji, lafudhi yenu ya "samahani kaka, naomba kuuliza" inapandisha bei papo hapo.

9. Mkiwa kituoni

Sheria zenu ziandikwe, kila mtu asaini kabla ya kupanda basi. Zangu ni hizi. Hakuna kukaa na mtoto mmoja peke yako mahali pasipoonekana. Hakuna kubeba wala kupakata watoto, hata wakija wenyewe, na watakuja, mtoto ambaye ameshaachwa na watu wengi anarukia mgeni yeyote na wewe ukiondoka ni mmoja zaidi aliyeondoka. Salimia, cheka naye, mrudishe kwa mlezi wake. Hakuna kumuuliza mtoto wazazi wako wako wapi. Hakuna ahadi, hata ndogo, "nitakutumia viatu" ni ahadi. Hakuna kutoa namba ya simu, pipi mfukoni, wala hela mkononi. Mwenye mafua abaki alipolala. Mkikuta jambo mnaloliogopa, mtoto anapigwa au anaguswa vibaya, msimhoji mtoto, mwambieni kiongozi wenu na afisa wa watoto, na namba ya bure ya kuripoti ni 116, Kenya 116 na Tanzania 116, ileile.

Picha nazitenga kwa sababu ndo ugomvi mkubwa. Sheria ya Kenya ya kulinda taarifa za watu ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi wa kisheria kabla hujatumia taarifa za mtoto, na sura yake ni taarifa yake. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa taarifa ilipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuposti watoto bila ridhaa ya wazazi, na hiyo ni shule yao wenyewe, sembuse nyie wageni. Mkurugenzi akisema "pigeni tu hamna shida" bado kuna shida, kwanza sio lazima awe yeye ndo mlezi wa kisheria. Simu ziwekwe kwenye begi moja getini, mtu mmoja abaki na kamera na apige tangi, gata, risiti, mikono yenye udongo, nyie wenyewe. Mfadhili akitaka sura za watoto ndo awape hela, mwambieni hapana, na mkiona mtamkosa basi mtamkosa.

Mambo madogo, shikamoo yenu itawafurahisha wamama wa kituo, ila watoto wa Nairobi wanaongea Sheng na mtaachwa kwenye mataa dakika ya kwanza, msijifanye mnaijua. Kuleni chakula kilekile walichopika ila kilipieni kabla, na msile kabla watoto hawajala.

10. Mkirudi

Wiki ya kwanza, sio mwezi wa tatu, tumeni hesabu yenye risiti kwa waliochanga, kwa chuo, kwa kituo na kwa klabu mwenyeji. Muwe na ukurasa mmoja wa vitu vilivyogoma, kama pampu haikufika au fundi alikimbia na advansi semeni.

Mawasiliano na kituo yapitie kwa mtu mmoja wa kwenu na klabu ya kule, watoto wasitafutwe Instagram wala WhatsApp na mtu yeyote kwenye grupu, na mkijua kuna aliyefanya hivyo mjulisheni mlezi mkuu siku hiyohiyo. Kama mnataka kuendelea kuchangia, chagueni kitu kimoja kinachojirudia kila mwezi, mfano mshahara wa yule mlezi wa usiku au nauli za kufuatilia watoto waliorudi kwa bibi zao, mkubaliane na kituo ni kwa muda gani na lini mtaacha, na mtoe taarifa miezi mitatu kabla ya kuacha ili wajipange. Mnaomaliza chuo mwaka huo kabidhini akaunti na namba za simu kwa wa mwaka wa pili mbele ya mshauri wa wanafunzi, kwa maandishi, na yule mweka hazina aliyebaki na chenji ya Namanga airudishe.